Dirisha la Wanaoanza

Ilikuwepo nchi, na bado ipo, ndiyo maana jina lake silitaji. Mimi ni mtumishi wa serikali ya nchi hiyo. Jina langu Ndaro, cheo changu Karani wa Dirisha la Wanaoanza, na kabla sijafika mbali naomba ieleweke kwamba sina malalamiko yoyote. Nimechoka tu. Kuchoka hakujapigwa marufuku. Niliuliza, nikaambiwa suala hilo linafanyiwa kazi.

Serikali yetu inatupenda. Ilitupenda hata zamani, tulipokuwa na kompyuta zinazofanya kazi. Siku hizo mashine zetu ziliendeshwa na mfumo wa zamani, yaani ile programu kubwa inayoamka kwanza unapowasha kompyuta, kisha ndiyo inaziamrisha programu nyingine zote. Ulikuwa mzito, unakwamakwama, lakini tulishauzoea kama mtu anavyomzoea shemeji mkorofi. Unaandika jina la mtu leo, kesho unalikuta. Wakati huo hatukujua kwamba hilo ni jambo kubwa.

Kisha ikatangazwa redioni kwamba mfumo ule ni wa kigeni na kwamba umekuwa ukitudharau kimyakimya. Taifa likapata mfumo wake lenyewe, ukaitwa Mfumo Wetu. Na kwa kuwa viongozi walijali sana mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta, ikaundwa Wizara ya Wepesi na Mambo ya Wanaoanza. Waziri wake akawa Mheshimiwa Kipangule, mtu mnene mwenye sauti nzuri, ambaye alikiri mwenyewe kwamba hajawahi kuwasha kompyuta maishani. Alisema hiyo ndiyo sifa iliyompa kazi, kwa maana nani atawaelewa wanaoanza kuliko mtu ambaye hata kuanza hajaanza.

Wizara ilifungua mafunzo nchi nzima. Vipanya, vile vidude vya kusukuma juu ya meza, havikutosha, kwa hiyo kila mwanafunzi alipewa kipande cha sabuni akisukume na kukibofya kwa kidole. Watu walihudhuria kwa wingi, wakaondoka na vipande vyao, wakaenda kufua. Taarifa ya Wizara ilisema hamasa ni kubwa kiasi kwamba wanafunzi wanaomba kuendelea na mazoezi nyumbani.

Baada ya hapo ikaonekana maneno ya kwenye kioo yanawatisha wananchi. Palipoandikwa “Hitilafu” pakaandikwa “Hongera, umejaribu.” Palipoandikwa “Faili halipo” pakaandikwa “Faili linapumzika.” Mimi mwenyewe mashine ile imenipongeza kuliko mke wangu alivyonipongeza tangu tuoane, na mke wangu ni mtu mwema.

*

Sasa nieleze jambo lenyewe. Mfumo Wetu ulipowashwa mara ya kwanza uliuliza swali moja tu, ukaonyesha vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa Jaribu, cha pili kiliandikwa Sakinisha. Mtaalamu aliyeuleta alimweleza Waziri mbele yetu sote, nami nilikuwepo kwa sababu ndiye niliyeshika trei ya maji. Alisema ukibonyeza Sakinisha, mfumo unaingia ndani ya kompyuta na kukaa, na utakachoandika kitabaki. Ukibonyeza Jaribu, unauonja tu. Unaweza kuandika, kufuta, kuchezea utakavyo, lakini siku ukizima mashine kila ulichofanya kinapotea na kompyuta inabaki kama haijaguswa. Jaribu ni la nusu saa, alisema mtaalamu, ili mtu aamue kama anaupenda mfumo.

Waziri alikunywa maji akafikiri. Akauliza kama ni kweli kwamba mtu aliye kwenye Jaribu hawezi kuharibu kitu. Mtaalamu akajibu kwamba ni kweli, hawezi. Waziri akauliza tena, taratibu, kama kosa likifanyika asubuhi, jioni halipo. Mtaalamu akasema halipo, ila na yaliyo sahihi nayo hayapo. Maneno haya ya mwisho nadhani Waziri hakuyasikia, maana alikuwa ameshasimama.

“Ndugu wananchi,” alisema kesho yake uwanjani, “wengine wamewaletea nchi za kuogopa. Mimi nimewaletea nchi isiyoharibika. Bonyezeni mpendavyo. Koseeni mpendavyo. Kuanzia leo, katika nchi hii, hakuna kosa litakalolala.”

Tukapiga makofi. Ndivyo nchi nzima ilivyoingia kwenye Jaribu, na humo ndimo ilimo.

Kitufe cha Sakinisha hakikuondolewa, serikali yetu si ya namna hiyo. Kipo pale pale, kwenye kona ya kioo. Ila kiliwekwa akiba kwa ajili ya watu wenye uzoefu, na uzoefu wa mtu unathibitishwa na kumbukumbu zake ndani ya mfumo. Mimi nimekaa mbele ya mashine ile mpaka macho yamepungua nguvu, lakini kila asubuhi nikiiwasha inaniandikia “Karibu, mgeni.”

Mtu atauliza kwa nini tunazima. Hilo halihusiani na kompyuta kabisa, linahusu bendera. Kwetu bendera inashushwa saa kumi na mbili jioni mbele ya kila ofisi, na siku moja Mkuu wa Nchi mwenyewe alipita wakati huo, akaona kwenye dirisha fulani kioo kinang'aa. Akauliza ni kitu gani hicho kinachobaki kimesimama na kuwaka wakati bendera inashuka. Tangu jioni ile mashine zote huzimwa kabla tarumbeta haijalia, na yupo Mkaguzi wa Bendera anayezunguka nje akichungulia madirisha kama kuna mwanga.

Kwa hiyo kila asubuhi nchi inaanza upya. Kina mama walirudi kila siku kuandikisha watoto walewale, mpaka takwimu zikaonyesha hatujawahi kuzaa hivi. Maharusi walirudi kuandikisha ndoa zao, na haikuwa lazima mtu arudi na yule wa jana. Barabara iliyotengewa fedha Jumatatu ilitengewa tena Jumanne, na hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba ilishatengewa. Wakaguzi wa hesabu walikuja, wakafungua mashine, hawakukuta kosa hata moja. Walitupa cheti, nimekitundika nyuma yangu.

*

Kitu kimoja tu hakikuingia kwenye Jaribu, nacho ni gereza. Gereza lilisakinishwa zamani, na watu waliotutangulia, kwa mawe na chokaa.

Kuingia gerezani hakuhitaji mfumo. Askari anakushika mkono mnakwenda. Kutoka ndiko kunakotaka utaratibu. Hakimu akimwachia mtu huru, amri yake inaandikwa kwenye mashine yangu mchana, baada ya chakula, kwa kuwa asubuhi Hakimu anasikiliza kesi mpya. Asubuhi inayofuata Mkuu wa Lango la gereza, Sajini Meja Tembwe, anakuja dirishani kwangu, anatazama kioo, na yule aliyeandikwa kuwa huru anafunguliwa. Lango hufunguliwa asubuhi tu. Na katikati ya mchana na asubuhi, kama nilivyosema, kuna bendera. Karatasi nazo zilistaafishwa kwa heshima zote siku Mfumo Wetu ulipozinduliwa, kwa hiyo njia nyingine hakuna.

Mzee Mbaruku alikuwa fundi wa miavuli hapo sokoni, mtu wa maneno machache. Siku moja Waziri alifanya mkutano wa hadhara kuwasikiliza wanaoanza, akasema aulize yeyote, asiogope. Mzee akanyoosha mkono.

“Mheshimiwa,” alisema, “tutaacha kujaribu lini, tuanze kutumia?”

Waziri akatabasamu, akasema ni swali zuri sana, na kabla mkutano haujaisha mzee alikuwa ndani, kwa kosa la kuwakatisha tamaa wanaoanza. Hakimu alilitafuta kosa hilo kwenye vitabu vyote vya sheria asilione. Akamwachia huru. Niliandika amri ile kwa mikono yangu, na mkewe, Bi Mwajabu, akanishukuru pale dirishani mpaka nikaona haya. Asubuhi Sajini Meja alikuja, nikamfungulia, tukasoma wote wawili: “Faili linapumzika.” Akapiga saluti akarudi zake. Mzee akabaki ndani.

Bi Mwajabu alirudi siku hiyohiyo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikamwuliza jina lake. Nilikuwa nalijua, lakini utaratibu unataka mwombaji aulizwe. Akanitajia jina lake, la mumewe, la baba wa mumewe, na kosa lisilokuwepo kitabuni. Halafu akaenda kwa Hakimu kuomba upya. Hakimu alimkumbuka vizuri, tena alimwulizia hali ya mumewe, lakini akamwambia kumbukumbu ya kichwani si kumbukumbu ya serikali. Akamsikiliza kutoka mwanzo, akamwachia mzee huru kwa mara ya pili. Nikaandika. Bendera ikashuka.

Ikawa hivyo kila siku iliyofuata. Mzee Mbaruku aliachiwa huru kuliko mtu yeyote katika historia ya nchi yetu, na hakuwahi kulivuka lango. Bi Mwajabu alikuwa anafika mapema, anakaa kwenye benchi lililo mbele ya dirisha langu, chupa ya chai ya tangawizi pembeni. Hakugomba. Ningefurahi angegomba, maana mtu anayegomba unaweza kumwambia atoke nje.

Chai ile ilikuwa ya mzee. Ana pumu, na seli aliyowekwa ina unyevu hata kiangazi. Mwanzoni mkewe aliniambia kifua kimembana kidogo. Baadaye akaniambia hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika. Siku wingu la kwanza la vuli lilipotanda juu ya soko, alilitazama muda mrefu, akasema kwa sauti ileile anayotajia jina lake: “Mvua zikimkuta mle ndani, mwanangu, hatoki tena.”

Nilihuzunika, wala sioni aibu kulisema. Mimi nina mama. Kisha saa ya bendera ikafika, nikazima mashine.

*

Jioni hiyo Bi Mwajabu hakuondoka mara moja. Alikuwa anakitazama kioo kilivyokuwa cheusi, akaniuliza swali ambalo Wizara nzima haikuwahi kuliuliza.

“Hiki kidude kinasahau kwa sababu jua limezama, au kwa sababu umekizima?”

“Kwa sababu nimekizima, mama.”

“Na usipokizima?”

Nikamweleza kwamba nisipokizima Mkaguzi wa Bendera ataona mwanga dirishani, na mimi nitapelekwa huko aliko mzee, tena bila chai. Akaitikia kwa kichwa. Akataka kujua kama huyo Mkaguzi huingia ndani. Nikamwambia haingii, yeye kazi yake ni mwanga, anapita nje tu. Akaniaga, akaenda zake.

Kesho yake alikuja na kanga ya ziada. Ilikuwa kanga nzito ya zamani, imefuliwa mpaka maneno yake yamefutika, husomi kitu. Aliikunja akaikalia. Sikumwuliza, kwa sababu benchi lile kweli ni gumu.

Bahati ilivyo, siku hiyo ndiyo iliyokuwa kilele cha Wiki ya Wepesi. Kila mwaka Waziri hutembelea dirisha langu kuonyesha umma kwamba Mfumo Wetu hauumi. Mwaka uliotangulia alijiandikisha kuwa marehemu, na baada ya bendera kushuka akafufuka kwa vifijo na vigelegele. Mwaka huu alikuja na bendi, na wapiga picha, na kundi la wanaoanza waliovalishwa fulana zenye sura yake.

“Mimi nami naanza,” aliwaambia, mkono juu ya mashine yangu. “Nilianza zamani, na bado naanza, na kwa uwezo wa Mungu nitaendelea kuanza. Yupo mwenye hofu?”

Wote walimkumbuka mzee wa miavuli, wakaficha mikono nyuma. Ndipo Bi Mwajabu akainua mkono kutoka pale kwenye benchi. Nikafumba macho. Alisema yeye ni mtu mzima asiyejua mambo haya, na hofu yake ni moja: je, kidole kikiteleza, mtu asiye na kosa akaandikwa amefungwa, si atafungwa kweli?

Waziri alicheka mpaka tumbo likatikisika. Akamwita “mama yangu,” akamwambia asogee aone kwa macho yake. Akaniamuru niandike. Nikaandika alivyotamka, kwa sauti yake nzuri, bendi ikipiga polepole nyuma: Kipangule, Waziri, kosa la kuwakatisha tamaa wanaoanza, kifungo mpaka itakapoamriwa vinginevyo. Akabonyeza kitufe cha kuthibitisha kwa kidole chake mwenyewe, wapiga picha wakapiga. Mashine ikaandika “Hongera.”

“Umeona, mama?” alisema. “Jioni hayapo.”

Watu walicheka sana. Bi Mwajabu alisema ahsante, ameelewa. Waziri akaondoka na bendi yake, na mchana, kama kawaida, ikaja amri ya Hakimu ya kumwachia huru Mzee Mbaruku. Nikaiandika chini ya ile ya Waziri.

Kuhusu jioni ile niliulizwa baadaye na tume, na nitajibu hapa kama nilivyojibu kule. Kanuni inasema bendera inaposhushwa mtumishi asimame wima, uso umeelekea mlingoti, asigeuke mpaka ikunjwe. Mimi ni mtu wa kanuni. Nilisimama wima, mgongo kwa mashine. Nyuma yangu nilisikia kitambaa kikikunjuliwa, lakini kanuni haisemi lolote kuhusu masikio. Mkaguzi akapita nje, akachungulia, akaona giza, akaandika mdomoni kwake, maana karatasi zimestaafu, kwamba ni sawa. Bendera ilipokunjwa nilikwenda nyumbani moja kwa moja. Kama ipo swichi ambayo sikuigusa, basi ni uchovu, na habari ya uchovu nimeshaieleza.

*

Asubuhi nilifika kabla ya wengine. Nikaondoa kanga iliyofunika kioo, nikaitia kwenye droo. Kioo kilikuwa kinawaka, kimeandikwa “Karibu tena, Ndaro.”

Tangu Mfumo Wetu uje sikuwahi kuambiwa “tena.” Nilikaa kidogo kabla ya kufungua dirisha.

Sajini Meja Tembwe akaja, akapiga saluti, akainama kusoma kile anachokisoma kila siku. Hakukikuta. Akavua kofia. Akasoma taratibu huku midomo ikicheza, amri ya kwanza, kisha ya pili, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama hizi ni za jana. Nikasema ni za jana. Akaniuliza kama jana inaruhusiwa. Nikamwambia sijaona kanuni inayoikataza. Basi akavaa kofia yake, maana yeye ni mtu wa amri, na amri zilikuwa mbili, moja ya kutoa na moja ya kuingiza. Alionekana kufarijika, kwa sababu hesabu ya wafungwa haingebadilika.

Bi Mwajabu alikuwa langoni tangu alfajiri. Mzee alitoka akiwa ameshikiliwa na askari wawili, akasimama, akapumua, akataka kusema kitu, hakuweza. Mkewe akamwambia asiseme, wataongea nyumbani. Mvua ilianza kunyesha walipofika sokoni. Haya niliambiwa na watu, mimi siku za kazi siruhusiwi kuondoka dirishani, lakini nikiyafikiria hata leo moyo wangu unatulia.

Yaliyotokea kwa Waziri nilisimuliwa na Sajini Meja mwenyewe. Alimkuta mezani anakula mayai. Waziri aliposomewa amri alicheka, akasema lilikuwa jaribio tu, nchi nzima iliona. Sajini Meja akamsubiri amalize mayai, kwa heshima ya cheo.

“Mheshimiwa,” alimwambia, “kwetu kule hakuna kitufe cha Jaribu.”

*

Tume iliundwa siku ileile. Walinihoji kwa adabu, kisha wakataka kuona ushahidi ndani ya mashine. Lakini walifika kesho yake, na mimi jioni nilikuwa nimezima, safari hii kwa mkono wangu mbele ya macho ya Mkaguzi. Mashine ikawaandikia “Faili linapumzika,” na ilipolazimishwa ikawapongeza kwa kujaribu. Kumbukumbu ya Sajini Meja ni ya kichwani, haikupokelewa. Tume ikamaliza kazi kwa kutamka kwamba hakuna kosa lililolala, ikaomba posho yake.

Amri ya kumfunga Waziri, kwa hiyo, haipo popote. Waziri yupo, gerezani. Hakimu alifadhaika sana, akamwachia huru mchana wa siku ileile aliyofungwa, nami nikaiandika amri hiyo kwa herufi kubwa. Kisha ikaja saa kumi na mbili.

Viongozi wenzake wote wamesikitika. Aliyeteuliwa kushika nafasi yake amesikitika kuliko wote, machozi yalimtoka redioni. Alisema angependa kulimaliza jambo hili leo hii, lakini tusiwe na haraka, kwanza tujaribu. Agizo lake la kwanza lilikuwa kwamba kitambaa chochote kisiwe karibu na mashine wakati wa bendera, na Mkaguzi sasa aingie ndani aipapase, kama bado ina joto karani ajieleze. Agizo la pili lilikuwa la kuongeza sabuni.

Basi maisha yakaendelea. Nilidhani benchi litakuwa tupu, nikaanza kulizoea hivyo. Siku ya tatu au ya nne akaja mwanamke ambaye sura yake niliijua kutoka magazetini, amevaa viatu virefu vinavyozama kwenye tope la nje, amebeba mkoba na hakubeba maji. Alikuwa mke wa Kipangule. Aliniambia mimi ninajua yeye ni nani. Nikamwambia najua, nikamwuliza jina lake, maana utaratibu unataka. Alilitaja kwa hasira. Nikaandika, nikamweleza kwamba Hakimu atamsikiliza mchana, atamwachia mumewe huru, na kesho aje tena. Alisema mumewe ana sukari na hajazoea uji. Akauliza kwa nini aje tena ikiwa atakuwa ameachiwa.

Nilitaka kumjibu, nikaona nguvu sina. Nikamwonyesha benchi.

Alikuwa bado amesimama, anatafuta pa kukalia pasipo na vumbi, Bi Mwajabu alipoingia. Sikumtarajia. Shikamoo, marahaba, mzee anaendeleaje. Akasema anakohoa bado, lakini sasa anagomba, ni dalili nzuri, na kwa mvua hizi miavuli imejaa mpaka kitandani. Alikuwa amefuata kanga yake. Nikafungua droo nikampa, akaikung'uta, akaiweka begani.

Mke wa Waziri alikuwa anamtazama. Akamjia karibu, akamwuliza kwa sauti ambayo nadhani hakuwa ameitumia siku nyingi: “Wewe, dada, wako alitokaje?”

Bi Mwajabu alinitazama mimi, akaitazama mashine, akautazama mlingoti dirishani. Nami nilimtazama, na ninakiri sikujua ninataka aseme nini. Huyu aliyeuliza alikuwa mke wa mtu aliyecheka. Alikuwa pia mwanamke aliyesimama kwenye vumbi, mumewe yuko kwenye seli ileile yenye unyevu.

“Nilikuja kila siku,” alisema.

Kisha akamfundisha. Alimwambia afike kabla ya jua kuwa kali, akae upande wa mlangoni, kwa sababu upande wa pili mchana unapigwa na jua. Alete maji na chai, chai ya mumewe asitie sukari. Hakimu asimwendee kabla hajala. Sajini Meja amwamkie kwa cheo chake chote, anapenda, na ukimwamkia vizuri anaifikisha chai ikiwa moto. Karani akimwuliza jina asikasirike, karani naye amechoka. Mwenzake alisikiliza yote, mkoba kifuani, anaitikia kwa kichwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Wizara ya Wepesi imekuwepo miaka yote hii na sijawahi kuona mtu anayeanza akielekezwa vizuri namna ile.

Alipomaliza alishusha ile kanga begani, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya benchi na kuilainisha kwa kiganja.

“Kalia hii,” alisema. “Benchi hili ni gumu, na wewe ndiyo kwanza unaanza.”